Jenerali Grierson, Reli ya Newton na Visima vya Texas

Watu wanapozungumzia majenerali wa askari wa farasi wa Marekani katika karne ya 19, majina yanayotangulia huwa ni yale yale: Custer, Sheridan, Stuart, Forrest. Benjamin Henry Grierson hutajwa mwishoni, na mara nyingi hutajwa kwa ajili ya siku 16 tu za mwaka 1863, kana kwamba miaka yake mingine yote ya jeshini haikuwa na la kusimuliwa. Naandika kwa sababu naona masimulizi hayo hayamtendei haki. Siku zile 16 zilikuwa kubwa kweli, lakini ukizisoma pamoja na kazi aliyoifanya Texas mwaka 1880 utaona ni akili ile ile ya kivita iliyotumika: kutambua mahali ambapo adui hana budi kupategemea, kufika hapo kabla yake, na kuepuka mapigano yasiyo ya lazima njiani. Kati ya matukio hayo mawili kuna miaka mingi aliyoitumia kuongoza rejimenti ya askari weusi, na hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoithamini kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Alizaliwa Pittsburgh tarehe 8 Julai 1826, akakulia Youngstown katika jimbo la Ohio. Akiwa na umri wa miaka minane alipigwa teke la uso na farasi, akaponea chupuchupu, akabaki na kovu ambalo ukubwani lilifichwa na ndevu nyingi, na kwa miaka mingi hakuwa na hamu yoyote ya kumkaribia mnyama huyo. Kipaji chake kilikuwa muziki. Alipiga ala za aina nyingi, akafundisha na kuongoza bendi katika mji wa Jacksonville, Illinois, kisha akajaribu biashara ya duka Meredosia, mji mdogo kando ya mto, ambako alifilisika na kubaki na madeni. Alikuwa mfuasi wa dhati wa chama cha Republican na wa Abraham Lincoln, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 alijiunga kama msaidizi wa kujitolea wa Jenerali Benjamin Prentiss. Mwenyewe alipendelea jeshi la miguu, lakini mwezi Oktoba mwaka huo alipewa cheo cha meja katika rejimenti ya 6 ya askari wa farasi wa Illinois, na majira ya kuchipua ya mwaka 1862 akawa kanali wake. Hakuwa amesoma chuo cha kijeshi cha West Point, na katika jeshi la Marekani la wakati ule upungufu huo haukusahauliwa na waliosoma huko.

Ili kuelewa kilichotokea Aprili 1863 ni lazima kwanza kuelewa tatizo lililomkabili Jenerali Ulysses Grant. Mji wa Vicksburg, uliokaa juu ya magenge ya Mto Mississippi, ulikuwa bado mikononi mwa majeshi ya Kusini, na mizinga yake iliuzuia Muungano, yaani upande wa serikali ya Lincoln, kuutumia mto kwa uhuru. Majira yote ya baridi Grant alijaribu kuufikia kwa njia za vinamasi na mifereji akashindwa. Sasa alikuwa ameamua kuteremka na jeshi lake upande wa magharibi wa mto, avuke kusini mwa mji na kuushambulia kutokea nyuma. Kuvuka mto mpana kama ule mbele ya adui aliyejiandaa ni kujitakia maangamizi, kwa hiyo ilibidi kamanda wa Kusini katika eneo hilo, Jenerali John Pemberton, aelekeze macho na askari wake kwingine. Na jambo la kumtia Pemberton wasiwasi lilikuwepo: reli moja iliyotoka mashariki, ikapita Meridian na Jackson, ikaishia Vicksburg, na ndiyo iliyoleta risasi, chakula na askari wa kujazia pengo. Reli hiyo ilipita katika kituo kidogo kiitwacho Newton, ndani kabisa ya jimbo la Mississippi.

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili Grierson aliondoka La Grange, katika jimbo la Tennessee karibu na mpaka wa Mississippi, akiwa na wapanda farasi 1,700 wa rejimenti tatu: ya 6 na ya 7 za Illinois, na ya 2 ya Iowa. Alikuwa na mizinga sita midogo. Kila askari alibeba chakula cha siku tano alichoamriwa akitumie kwa siku kumi, na risasi 40. Grierson mwenyewe alibeba ramani ndogo ya mfukoni. Hapakuwa na msafara wa mikokoteni nyuma yao, wala njia ya kupelekewa mahitaji. Watu na farasi wangekula kile watakachokikuta mashambani, na aliyezidiwa njiani angeachwa mikononi mwa wenyeji wa nchi ya adui.

Kilichofuata ni somo la udanganyifu wa kivita ambalo sijaona mfano wake mzuri zaidi katika vita vile. Siku ya nne, tarehe 20, aliwatenga askari kiasi cha 175 waliokuwa wagonjwa au waliopanda farasi dhaifu, pamoja na mateka, akawaamuru warudi kaskazini usiku kwa safu za wanne wanne ili wakazi wa njiani waamini kwamba kikosi kizima kimerudi kwao. Kesho yake akamtenga Kanali Edward Hatch na rejimenti yote ya Iowa, waelekee upande wa mashariki kwenye reli nyingine iliyokwenda Mobile. Watu wa Hatch walirudi nyuma kidogo juu ya njia waliyokuja nayo ili kwato zao zifute nyayo za wenzao, na mzinga waliopewa wakauzungusha barabarani mahali panne, ili anayewafuatia asome alama za magurudumu ya mizinga minne. Kikosi cha Kusini kilichokuwa kikiwawinda kilisoma alama hizo jinsi zilivyoandikwa, kikamfuata Hatch, kikapigana naye karibu na Palo Alto na kumsukuma hadi Tennessee. Grierson, akiwa na watu wapatao 950 waliobaki, aliendelea kusini bila mtu wa kumfuata.

Mbele yake walitangulia wapelelezi wachache chini ya Sajini Richard Surby, wakiwa wamevaa nguo za wakulima na za askari wa Kusini, wakijua vizuri kwamba wakikamatwa katika mavazi hayo malipo yao ni kitanzi. Wao ndio walioshika madaraja kabla hayajachomwa na kuwahoji wasafiri waliodhani wanazungumza na wenzao. Baadaye kombania moja chini ya Kapteni Henry Forbes ilitengwa kwenda kuutishia mji wa Macon, na ilipojikuta imeachwa nyuma ikafika hadi Enterprise na kuwadai askari wa Kusini wengi kuliko yenyewe wasalimu amri. Walipokuwa wanashauriana, ikatoweka. Napenda kusisitiza kwamba kila kundi lililotengwa lilimpunguzia Grierson bunduki za kumlinda yeye mwenyewe. Makamanda wengi wakiwa ndani ya nchi ya adui hukusanya watu wao karibu kwa hofu. Huyu aliwatawanya, kwa sababu alielewa kwamba usalama wake ulitegemea adui kutojua alipo.

Tarehe 24 Aprili, mapema asubuhi, Luteni Kanali William Blackburn aliingia Newton na kundi la mbele. Treni mbili za mizigo ziliingia kituoni moja baada ya nyingine bila kujua, zikatekwa, na mabehewa 38 yakateketezwa pamoja na risasi na makombora yaliyokuwamo. Milipuko ile ilisikika mbali kiasi kwamba Grierson alikimbiza kikosi kilichobaki akidhani vita vimeanza. Kisha wakang'oa reli, wakachoma madaraja, wakakata nyaya za telegrafu. Mkondo wa mahitaji ya Vicksburg ulikuwa umekatwa, na Pemberton, aliyekuwa na askari wachache wa farasi, alianza kuwatuma watu wake huku na kule kuziba njia zote ambazo mvamizi angeweza kurudia kaskazini.

Lakini Grierson hakurudi kaskazini. Aligeukia kusini-magharibi, akapita Hazlehurst na kuvuruga reli ya pili, akakabiliana na wapanda farasi wa Wirt Adams pale Union Church, na alipogundua kwamba Adams anamtegea njiani akamkwepa na kuingia Brookhaven. Adams alikuwa ameitwa kutoka eneo la Grand Gulf, kando ya mto. Tarehe 30 Aprili Grant alivusha jeshi lake Bruinsburg, kusini mwa Vicksburg, na hakukuta mtu wa kumzuia ukingoni. Hapo ndipo unapouona uzito wa kazi ya Grierson: wapanda farasi ambao wangepaswa kuwa macho ya Pemberton mtoni walikuwa kwenye misitu ya misonobari wakimtafuta mtu mmoja aliyekuwa akiwaponyoka.

Hasara kubwa ilimpata tarehe 1 Mei kwenye daraja la Wall juu ya Mto Tickfaw, ambako Blackburn alikimbilia mbele kupita kiasi akajeruhiwa vibaya, na majeraha hayo yakamuua. Katika saa 28 za mwisho walikwenda kilomita zipatazo 120, wakapigana mara kadhaa, wakavuka mito, na watu wakalala juu ya matandiko huku farasi wakiendelea kutembea. Tarehe 2 Mei, wakiwa karibu na Baton Rouge iliyokuwa mikononi mwa Muungano, Grierson aliwaacha askari walale, akaingia katika nyumba ya shamba moja jirani, akakuta piano na kukaa kuipiga ili yeye mwenyewe asishikwe na usingizi. Jioni hiyo kikosi kiliingia mjini, na nyuma yake walifuata mamia ya watumwa waliokimbia mashamba, wakiongoza farasi na nyumbu waliotekwa.

Safari yote ilikuwa kiasi cha kilomita 960. Taarifa ya Grierson ilitaja mateka wapatao 500 walioachwa huru kwa kiapo cha kutopigana tena, kilomita 80 hadi 100 za reli na telegrafu zilizoharibiwa, bunduki zaidi ya 3,000, na farasi na nyumbu 1,000. Upande wake waliuawa watu 3, wakajeruhiwa 7, wakaachwa wagonjwa 5, na 9 hawakuonekana. Mimi huirudia mistari hiyo ya mwisho kila ninapoisoma taarifa yake, maana mwaka huo huo majenerali wengine walipoteza maelfu ya watu kwa mchana mmoja bila kumsaidia Grant kwa lolote. Jenerali William Sherman wa Muungano aliuita msafara ule kuwa uliong'ara kuliko yote ya vita vile, jarida la Harper's Weekly likaweka picha ya Grierson kwenye jalada lake mwezi Juni, naye akapandishwa kuwa brigedia jenerali wa jeshi la kujitolea. Vicksburg ilisalimu amri tarehe 4 Julai.

Miaka miwili iliyofuata ya vita naipitia kwa haraka, si kwa sababu haina matukio, bali kwa sababu mara nyingi alikuwa chini ya watu waliomtumia vibaya. Mbaya zaidi ilikuwa Brice's Crossroads, tarehe 10 Juni 1864, ambako Jenerali Samuel Sturgis, akiwa na watu wapatao 8,000, alishindwa vibaya na Jenerali Forrest wa Kusini aliyekuwa na chini ya nusu ya idadi hiyo. Wapanda farasi wa Grierson walishikilia njia panda tangu asubuhi, askari wa miguu wakaletwa mbio kwenye jua kali wakafika wamechoka, na mambo yakaharibika. Waliokinga mgongo wa jeshi lililokuwa likikimbia walikuwa askari weusi wa brigedi ya Kanali Edward Bouton, ambao walijua fika kwamba wakianguka mikononi mwa Forrest hawangehesabiwa kuwa mateka kama wengine. Mwezi Desemba mwaka huo Grierson alipewa tena uhuru wa kuongoza peke yake, akatoka Memphis na watu 3,500, akachoma Verona shehena iliyokusudiwa kwa jeshi la Jenerali Hood wa Kusini, akashinda Egypt Station tarehe 28, na mapema Januari 1865 akaingia Vicksburg. Akiachwa afanye kazi kwa akili yake, alifanikiwa.

Tarehe 28 Julai 1866 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupanga upya jeshi la kudumu, na kwa mara ya kwanza wakati wa amani ikaruhusu rejimenti za watu weusi: mbili za farasi na nne za miguu. Hatch, yule yule aliyekwenda kuwapoteza adui njia kuelekea Mobile, alipewa rejimenti ya 9 ya farasi. Grierson akapewa ya 10. Kulikuwa na maofisa wazungu waliokataa vyeo vya juu zaidi ili wasiwaongoze weusi. Grierson alikubali, akaenda Fort Leavenworth, Kansas, kuijenga rejimenti kutoka sifuri. Askari waliandikishwa kwa miaka mitano kwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi. Wengi walikuwa watumwa miaka michache tu iliyopita na hawakujua kusoma, kwa hiyo kasisi wa rejimenti alipewa pia kazi ya ualimu. Grierson hakutaka kujaza nafasi tu. Alimwagiza Kapteni Louis Carpenter, aliyekuwa akiandikisha watu Philadelphia, atafute weusi wenye elimu ya kutosha kuwa masajini, makarani na mafundi, kwa kuwa aliona rejimenti itasimama kwa masajini wake.

Kamanda wa Fort Leavenworth, Kanali William Hoffman, hakuficha chuki yake. Rejimenti ya 10 ilipangiwa kambi kwenye bonde lenye majimaji, na askari wakaanza kuugua homa ya mapafu. Hoffman alitaka wasisimame karibu na askari wazungu kwenye gwaride, wala wasipite mbele yake pamoja na wengine. Grierson aligombana naye hadharani, akaandika barua baada ya barua, na akawaagiza maofisa wake wasitumie neno la rangi katika taarifa zao: rejimenti iitwe rejimenti ya 10 ya askari wa farasi, kama sheria inavyoiita, basi. Alipoona mambo hayabadiliki akahimiza kombania zake zipelekwe mbali haraka iwezekanavyo, na mwaka 1867 makao yake yakahamia Fort Riley. Kwa miaka mingi rejimenti ile, inayojulikana hadi leo kama Askari Nyati, ilikuwa na watoro wachache kuliko rejimenti za wazungu, ingawa ilipewa vituo vya mbali na vya taabu zaidi. Septemba 1868 kombania ya Carpenter ndiyo iliyofika ya kwanza kuwaokoa wapelelezi wa Meja George Forsyth waliozingirwa kwa siku kadhaa pale kisiwa cha Beecher.

Ni lazima niseme wazi kazi hiyo ilikuwa ya nini, kwa sababu waandishi wengi wanaowasifu askari hawa hupita hapa kimya. Walipelekwa kusaidia kuwafungia Wakiowa, Wakomanche, Wacheyenne na baadaye Waapache ndani ya maeneo waliyotengewa, ili nchi yao ichukuliwe na walowezi na kampuni za reli. Watu waliotoka utumwani juzi walitumwa kuwanyang'anya wengine uhuru, na wakatumikia jimbo la Texas ambalo wazungu wake waliwatukana na wakati mwingine kuwaua. Hilo halifutwi na ushujaa wao wala na wema wa kanali wao. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba, ndani ya kazi ile, Grierson alichagua njia isiyo ya mauaji kila alipopewa nafasi. Novemba 1868 Custer alishambulia alfajiri kijiji cha Black Kettle, mkuu wa Wacheyenne, kando ya Mto Washita, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo wanawake na watoto. Custer akapata sifa. Mwaka 1869 Grierson alianza kujenga Fort Sill kwa mikono ya askari wake, akashirikiana na wakala wa serikali Lawrie Tatum, Mkweka (mfuasi wa dhehebu la Kikristo linalopinga vita) aliyeamini mazungumzo, na akaunga mkono sera ya amani ya Rais Grant, yule yule jenerali wa Vicksburg, kwa uaminifu uliowaudhi Watexas waliomshutumu kuwa anawalisha wavamizi.

Tukio la tarehe 27 Mei 1871 linaonyesha alivyokuwa. Siku chache kabla, Wakiowa walikuwa wamevamia msafara wa mikokoteni Texas na kuwaua watu saba, na mkuu wao Satanta alijisifu mbele ya Tatum kwamba yeye ndiye aliyeongoza. Jenerali Sherman, aliyekuwa Fort Sill kwa ukaguzi, aliwaita wakuu kwenye baraza ya nyumba ya Grierson na kutangaza kwamba Satanta, Satank na Big Tree wanakamatwa. Madirisha yakafunguliwa, na nyuma yake walikuwapo askari wa rejimenti ya 10 na bunduki zilizoelekezwa. Lone Wolf, mkuu mwingine wa Wakiowa, alipoinua bunduki yake, Grierson alimrukia na kumshika kabla haijafyatuka, na baraza lile, lililojaa watu wenye silaha walioketi karibu karibu, halikugeuka uwanja wa mauaji. Wakubwa wake hawakuuona ustadi huo kuwa sifa. Sheridan, aliyekuwa juu yake, hakuwa rafiki yake, na mwaka 1873 Grierson aliondolewa kwa muda na kupelekwa St. Louis kusimamia uandikishaji wa askari wapya.

Mwaka 1875 rejimenti ilihamishiwa Fort Concho, magharibi mwa Texas. Huko Grierson na mkewe Alice walimzika binti yao Edith, aliyefariki kwa homa ya matumbo mwaka 1878 akiwa na umri wa miaka 13. Huko pia alijifunza jambo ambalo nchi kame humfundisha kila anayeishi ndani yake. Julai 1877 kombania A chini ya Kapteni Nicholas Nolan ilipotea kwenye nyanda kame za Llano Estacado ikiwafuatia Wakomanche, ikakaa zaidi ya siku tatu bila maji katika jua la kiangazi. Askari walikunywa damu ya farasi wao na mikojo, na wanne wakafa. Kanali aliyeziona taarifa hizo hakuhitaji kuelezwa tena ni nini kinachotawala vita vya nchi ile. Akawatuma watu wake wakapime barabara, wachore ramani na waandike kila chemchemi na kila kisima kati ya Concho na Rio Grande, mto wa mpaka na Mexico.

Mwaka 1880 kazi hiyo ilizaa matunda. Victorio, kiongozi wa Waapache wa Ojo Caliente, alikuwa vitani tangu mwaka uliopita baada ya watu wake kuondolewa katika nchi yao na kupelekwa San Carlos, mahali walipopachukia. Alikuwa kamanda hodari. Hatch na rejimenti ya 9 walikuwa wamemfukuza milimani New Mexico hadi farasi wao wakafa kwa uchovu, wakaambulia patupu. Victorio alipokuwa Mexico na ikajulikana kwamba anakusudia kurudi kwa kupitia magharibi ya Texas, Grierson aliamriwa aende New Mexico kusaidia kumfukuza. Alipinga amri hiyo na akashinda hoja. Aliona kwamba kumfuata Victorio ni kumwachia achague njia na mwendo, ilhali katika jangwa lile hakuna mtu wala farasi anayeweza kwenda siku nyingi bila kupita kwenye mojawapo ya visima vichache ambavyo askari wa rejimenti ya 10 walikuwa wamekwisha kuviandika. Akaweka walinzi kwenye visima.

Mwishoni mwa Julai mwenyewe alikuwa akipita karibu na kisima cha Tinaja de las Palmas, akiwa na askari wachache mno na mwanawe Robert, kijana aliyekuja likizo kuona vituo vya mpakani, mara akapata habari kwamba Victorio anakuja moja kwa moja upande wake. Angeweza kukimbilia kituo cha karibu. Badala yake alipanda juu ya kilima kilicholinda maji, akawaamuru watu wajenge kuta za mawe, akatuma wajumbe kuita msaada, akabaki hapo. Tarehe 30 walipigana kwa saa kadhaa hadi kombania mbili zilipofika mbio, na Victorio akarudi kuvuka Rio Grande bila kunywa maji yale. Siku chache baadaye alijaribu tena kwa njia nyingine. Grierson, milima ikiwa kati yao na bila adui kumwona, aliwakimbiza watu wake zaidi ya kilomita 100 kwa saa 21 akafika Rattlesnake Springs mbele yake. Tarehe 6 Agosti Waapache walipozikaribia chemchemi wakiwa na kiu, walipokewa na risasi. Wakajaribu mara mbili au tatu, wakashindwa, wakarudi Mexico. Oktoba mwaka huo Victorio na watu wake wengi waliuawa huko huko Mexico, pale Tres Castillos, na kikosi cha Kimexico cha Joaquín Terrazas. Victorio alipigania nchi yake, na mwisho wake unanihuzunisha. Lakini kama suala ni uongozi wa kijeshi, sioni tofauti kati ya kituo cha Newton na chemchemi zile: maji ya magharibi ya Texas yalikuwa kwa Victorio kile reli ilichokuwa kwa Pemberton, na Grierson alifika kwanza mara zote mbili.

Malipo yake yalikuwa kubaki kanali. Wengine waliopigana vita vikubwa zaidi kwenye magazeti walimpita, na yeye akaendelea na cheo kile kile kuanzia 1866 hadi 1890, akahamia Fort Davis, kisha Arizona, kisha New Mexico. Mkewe Alice, ambaye barua zake ni miongoni mwa maelezo bora kabisa ya maisha ya vituo vile, alifariki mwaka 1888. Aprili 1890 hatimaye alipandishwa kuwa brigedia jenerali wa jeshi la kudumu. Miezi mitatu baadaye, siku aliyotimiza miaka 64, sheria ilimstaafisha. Alifariki Omena, Michigan, tarehe 31 Agosti 1911.

Alipoachana na rejimenti yake Desemba 1888 alitoa waraka wa kuwaaga askari na maofisa, akieleza taabu walizovumilia na uaminifu wao katika hatari, na akasema ana hakika kwamba utumishi wao utakuja kutambuliwa na kuthawabishwa. Henry Flipper hakuwamo tena kati yao. Huyu alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, mwaka 1877, na alipangiwa rejimenti ya 10. Mwaka 1881 alishtakiwa Fort Davis mbele ya mahakama ya kijeshi, chini ya kamanda mwingine, kwa madai ya wizi wa fedha. Grierson aliiandikia mahakama barua ya kuithibitisha tabia njema ya luteni wake. Mahakama ilimwona hana hatia ya wizi, lakini ikamtia hatiani kwa mwenendo usiomfaa ofisa, na mwaka 1882 akafukuzwa jeshini. Flipper alidai haki yake hadi alipofariki mwaka 1940. Jeshi lilibadilisha hukumu hiyo kuwa kuachishwa kwa heshima mwaka 1976, na Rais Bill Clinton akamsamehe rasmi mwaka 1999.